SOMO: Kumsaidia Kijana Apone Ukatili wa Nyumbani Wakati wa Machafuko

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mjumbe wa Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto, mwalimu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mlezi wanatarajiwa kutambua kwamba kijana aliyekimbia machafuko ya kisiasa anaweza kuwa amebeba pia jeraha alilolipata ndani ya nyumba yao. Wanatarajiwa vilevile kujua hatua za kuchukua bila kulitonesha jeraha hilo.

Utangulizi

Wahenga walisema, fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Methali hiyo hutajwa kila panapozuka vurugu za kisiasa, na ukweli wake umeonekana mara nyingi katika wilaya za mpakani. Hata hivyo, ziko nyasi zilizokuwa zimekwisha kukanyagwa kabla fahali hawajafika. Mtoto aliyekuwa akipigwa na baba yake kabla ya risasi ya kwanza kulia haachi kuwa na maumivu hayo kwa sababu tu nchi nzima imeingia katika maumivu. Tofauti ni kwamba baada ya hapo hakuna anayemuuliza.

Machafuko ya mwaka 2015 na watoto waliovuka mpaka

Mkoa wa Kigoma umepokea wakimbizi wa Burundi kwa vizazi kadhaa: baada ya mauaji ya mwaka 1972, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, na tena mwaka 2015. Tarehe 25 Aprili 2015 chama tawala cha Burundi kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kuwania muhula wa tatu. Kesho yake maandamano yalianza mjini Bujumbura, katika mitaa kama Musaga, Nyakabiga na Cibitoke. Jaribio la kupindua serikali la tarehe 13 Mei lilishindwa, na hofu ikaenea.

Maelfu ya watu walikimbilia Kagunga, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika kinachofikika zaidi kwa njia ya maji. Kipindupindu kilizuka hapo mwezi Mei, na meli kongwe ya MV Liemba ikatumika kuwavusha watu hadi Kigoma mjini, kabla ya kupelekwa katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Nyarugusu ilikuwa imeanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na ilielemewa upesi. Kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa upya mwezi Oktoba 2015, na ile ya Mtendeli wilayani Kakonko mwezi Januari 2016. Kufikia mwaka 2017 Tanzania ilikuwa inahifadhi zaidi ya wakimbizi 200,000 kutoka Burundi, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto.

Mkimbizi anapopokelewa huulizwa sababu iliyomfanya aondoke kwao. Swali hilo ni la lazima, na majibu yake hujulikana: risasi, vitisho, nyumba iliyochomwa, ndugu aliyechukuliwa usiku. Lakini kijana anayejibu swali hilo huwa amejibu kuhusu barabara na mtaa. Kuhusu chumba alichokuwa akilala hajaulizwa.

Kwa nini ukatili wa nyumbani hufichika

Sababu ya kwanza ni kwamba msiba mkubwa humeza mdogo. Kijana huona haya kuulalamikia mkanda wa baba yake wakati jirani wa hema la pili amezika mwana. Hujipimia mwenyewe, akaona lake si neno.

Sababu ya pili ni kwamba familia inakuwa ndiyo mali pekee iliyosalia. Shamba limeachwa, ng'ombe wameachwa, shule imeachwa. Hata mgao wa chakula huandikishwa kwa kaya, hivyo kutoka katika kaya si jambo la moyo tu. Ni jambo la unga na maharage. Mama anayefikiria kumkimbia mume mkali hufikiria kwanza kadi hiyo.

Sababu ya tatu ni mazoea. Upo usemi unaosikika Burundi na Rwanda, niko zubakwa, yaani ndivyo nyumba zinavyojengwa, ambao mwanamke huambiwa anapolalamika ili avumilie. Wenyeji hawana haki ya kuucheka usemi huo, kwa maana nao wana wa kwao. Samaki mkunje angali mbichi, husema mzazi akiwa ameshika fimbo. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionesha kwamba karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walipata kutendewa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Wazazi na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa zaidi. Kwa hiyo somo hili halihusu kambi pekee. Linahusu na kijiji kilicho jirani na kambi.

Sababu ya nne ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni siasa yenyewe. Baba aliyeonewa na dola anaweza kuwa ndiye anayeonea nyumbani. Mambo hayo mawili huwa kweli kwa pamoja. Watu wa upande wake humwona shujaa, na kijana anayefungua mdomo huonekana amewapa maadui neno la kusema. Wapo pia wazazi waliokuwa watoto wakimbizi mwaka 1972 au 1993, wakakua bila mtu wa kuwatuliza. Mambo hayo, pamoja na ufinyu wa makazi na kukosa kazi, husaidia kueleza kwa nini mkono wa mzazi umekuwa mzito. Hayauhalalishi.

Mfano wa kujifunzia

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo. Haumhusu mtu yeyote anayejulikana.

Binti wa miaka 15 kutoka mtaa wa Musaga alivuka mpaka mwezi Juni 2015 pamoja na mama yake na mdogo wake wa kiume. Baba yao, dereva wa lori, walipotezana naye njiani. Kambini binti alianza shule, akawa anateka maji na wenzake na kucheka nao. Miezi mitano baadaye baba alipatikana katika kambi nyingine kwa msaada wa watu wanaotafuta ndugu waliopotezana. Majirani walishangilia. Mama alilia, na majirani wakadhani ni furaha.

Ndani ya wiki moja binti aliacha kula, akaanza kukojoa kitandani na akawa haendi shule. Mwalimu wake, akijua habari za risasi za Musaga, aliandika kwamba mwanafunzi anasumbuliwa na kumbukumbu za vurugu. Alipendekeza baba aletwe haraka ili mtoto apate faraja. Mwalimu huyo alikuwa na nia njema, na maelezo yake yalilingana na habari zote alizokuwa nazo.

Afisa Ustawi wa Jamii aliyepewa shauri hilo hakuanza na risasi. Alikaa na binti chini ya mti, mahali panapoonekana na watu lakini maneno hayasikiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja tuzungumze kidogo, ukipenda. Niambie, kule kwenu Musaga, ni wakati gani mlikuwa mnalala vizuri?"

Binti alifikiri kwa muda. "Usiku wa risasi," alisema.

Afisa alinyamaza, akamwachia nafasi.

"Usiku wa risasi baba alikuwa analala chini na sisi, karibu na ukuta. Alikuwa hanyanyuki mpaka asubuhi."

"Na usiku mwingine?"

Binti alitazama mchanga, hakujibu. Afisa hakumsukuma. Alisema, "Si lazima uniambie leo. Nitakuja tena Alhamisi saa nne." Alhamisi saa nne alikuwa pale. Siku hiyo binti alieleza habari za mkanda, na habari za mkono wa mama uliovunjika ambao hospitalini walisema alianguka kisimani.

Mambo ya kuzingatia katika mfano huo ni haya. Swali lilikuwa la wazi, halikumtia mtoto jibu mdomoni. Mazungumzo yalikuwa ya faragha, lakini si ya maficho. Afisa hakuahidi kuificha siri, kwa kuwa sheria haimruhusu kuficha taarifa ya mtoto aliye hatarini. Alieleza ni nani atakayeambiwa na kwa nini. Zaidi ya yote, alitimiza miadi. Kwa mtoto ambaye watu wazima wa nyumbani na wa serikalini wote walimwangusha, mtu mzima anayefika saa aliyosema ni mwanzo wa tiba.

Jambo la lugha nalo lisipuuzwe. Kiha na Kirundi vinakaribiana sana, na mara nyingi mwenyeji huweza kuelewa bila mkalimani. Panapohitajika mkalimani, asiwe ndugu wa familia wala jirani wa hema, kwa kuwa anaweza kuwa upande wa mshitakiwa katika mambo ya ukoo au ya chama.

Kilichofuata hakikuwa rahisi. Mama alihojiwa peke yake. Safari ya kuwakutanisha ilisimamishwa hadi tathmini ya maslahi ya watoto ikamilike. Mdogo wake binti, mwenye miaka 8, alilia akimtaka baba yake, na kilio chake kilikuwa cha haki vilevile. Ikaamuliwa mtoto huyo akutane na baba mbele ya afisa, na binti asilazimishwe. Baba aliitwa, akasikilizwa, akaelezwa sheria na matokeo ya kuivunja. Baada ya miezi kadhaa binti alirudi darasani na kulala usiku. Lori likisimama nje ya uzio bado hushtuka. Kupona hakumaanishi kusahau.

Dalili zinazohitaji kuangaliwa

Kijana aliyepitia machafuko pekee na yule aliyepitia ukatili wa nyumbani hufanana kwa mengi: ndoto za kutisha, kushtuka ovyo, hasira, kujitenga, kushuka kwa masomo, maumivu ya kichwa au tumbo yasiyo na sababu ya kitabibu. Kinachosaidia kutofautisha ni kuangalia dalili zinazidi wakati gani. Zinapozidi mtu fulani anapokaribia, anapotajwa, au anapotarajiwa kufika, swali la nyumbani linapaswa kuulizwa. Ziangaliwe pia alama za mwilini zenye maelezo yasiyolingana, kijana anayemlinda mdogo wake kupita kiasi, kijana asiyetaka kurudi nyumbani baada ya masomo, na yule ambaye hawezi kuamua hata jambo dogo bila kutazama uso wa mkubwa. Mtoto mtiifu sana asidhaniwe kuwa hana tatizo. Huenda utii huo aliujifunza kwa maumivu.

Hatua za kupona

Daktari Judith Herman wa Marekani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1992, aligawa safari ya kupona katika hatua tatu ambazo bado hufundishwa: kupata usalama, kukumbuka na kuomboleza, kisha kurejea katika maisha pamoja na watu wengine. Mgawanyo huo unafaa kwa kazi ya wilaya, mradi ieleweke kwamba kijana anaweza kwenda mbele na kurudi nyuma.

Usalama ndio wa kwanza, na hakuna ushauri nasaha unaoweza kuchukua nafasi yake. Kumwita kijana kila wiki kuzungumzia majeraha yake, kisha kila jioni arudi kwa anayemjeruhi, ni sawa na kukausha nguo mvuani. Usalama ni pamoja na mahali pa kulala, chakula kisichomtegemea mtesaji, njia salama ya kwenda shule, na mtu mmoja anayejulikana wa kumkimbilia. Inapobidi mtoto aondolewe nyumbani, huweza kuwekwa kwa jamaa mwaminifu au katika familia za kuaminika zilizochaguliwa na kufunzwa chini ya usimamizi wa Ustawi wa Jamii.

Kusimulia huja baadaye, kwa kasi ya kijana mwenyewe. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2011 unaifupisha kazi ya msaidizi wa kwanza kwa maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Kuhoji kwa undani si kazi ya jirani wala ya mjumbe wa kamati. Kila ofisi inayomtaka mtoto arudie habari zake upya humrudisha palepale alipotoka. Ndiyo maana taarifa huandikwa vizuri mara moja na kupelekwa kwa njia ya rufaa. Kuomboleza nako kupewe nafasi. Kijana anaweza kumkumbuka na kumpenda baba aliyemwumiza. Anayemwambia amchukie, na anayemwambia amsamehe leo, wote wawili wanamharakisha.

Kurejea katika maisha hakuhitaji mambo makubwa. Shule, timu ya mpira, kwaya, madrasa, bustani ya mboga, cherehani: shughuli yenye ratiba na wenzake humrudishia kijana imani kwamba kesho inaweza kutabirika. Apewe mambo ya kuamua mwenyewe, hata kama ni rangi ya daftari au mahali pa kukaa darasani. Mtoto aliyetawaliwa kwa fimbo nyumbani na kwa bunduki mitaani hupona anapogundua kwamba neno lake lina uzito.

Sheria inasemaje

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania na Burundi zote zimeuridhia, unaitaka kila nchi katika ibara ya 39 isaidie kupona kimwili na kisaikolojia kwa mtoto aliyetelekezwa, aliyenyanyaswa, aliyeteswa au aliyeathiriwa na vita. Ibara hiyo moja inataja unyanyasaji na vita kwa pamoja, wala haisemi kimoja kisubiri kingine. Ibara ya 9 inalinda haki ya mtoto kuishi na wazazi wake, lakini inaruhusu atenganishwe nao na mamlaka husika pale maslahi yake yanapodai hivyo, kama vile anaponyanyaswa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, na inakataza abaguliwe kwa sababu mbalimbali, ikiwamo kuwa mkimbizi. Kifungu cha 94 kinaipa mamlaka ya serikali ya mtaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Kifungu cha 95 kinampa kila mwanajamii mwenye taarifa za kuvunjwa kwa haki za mtoto wajibu wa kuziwasilisha kwa mamlaka hiyo. Kutoa taarifa, basi, si umbea wala kuvunja nyumba ya mtu.

Mahali pa kupata huduma

Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji au wa Kata hupokea taarifa na kuiunganisha na Afisa Ustawi wa Jamii. Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto, zilizoundwa chini ya mpango kazi wa taifa ujulikanao kama MTAKUWWA, zipo kuanzia ngazi ya kijiji. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi hupatikana mahali pamoja. Simu namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Mtoto aliyejeruhiwa apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Kukosekana kwa fomu ya polisi, PF3, kusiwe sababu ya kumwacha bila matibabu ya dharura. Endapo kuna ukatili wa kingono, afike kabla ya saa 72 kupita ili aweze kupewa dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI. Aliye ndani ya kambi huanzia kwa wahudumu wa ulinzi wa mtoto waliopo kambini, nao hushirikiana na maofisa wa Serikali.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Katika kijiji au shule, ni nani anayeweza kukaa na kijana mahali pa faragha, na ni saa ngapi hupatikana?

2. Mzazi anapopatikana baada ya kupotezana na watoto wake, ni nani huwauliza watoto, mmoja mmoja, kabla ya kuwakutanisha?

3. Ni familia zipi zinaweza kumpokea mtoto kwa usiku mmoja wakati taratibu nyingine zikiendelea?

4. Mshitakiwa akiwa mtu mwenye heshima katika jamii, dini au chama, kamati itachukua hatua gani ili mtoa taarifa asidhurike?

Kamati itakayoweza kulijibu swali la pili kwa kutaja jina la mhusika itakuwa imepiga hatua kubwa. Watoto wengi huulizwa walikimbia nini. Waulizwe pia kama wanakorudishwa ni salama.